Wanachama wa Kuhesabiwa Tu

Buyenzi, 12 Novemba 2002

Kaka Huseni,

Ramadhani njema kwako, kwa wifi Khadidja na kwa wote mnaofuturu sahani moja huko Kigoma. Sisi wazima, alhamdulillahi. Djibril mgongo unamsumbua, lakini kila asubuhi anakwenda bandarini kubeba magunia kama vile mgongo ni wa jirani. Nikimwambia apumzike ananiuliza nani atabeba badala yake. Duka linajikokota, watu wananunua cheni za baiskeli lakini spoku hawanunui, sijui wanaendesha nini. Sumaya amefunga tangu siku ya kwanza. Ana miaka kumi na nne tu na tayari amempita baba yake urefu. Milio ya bunduki kutoka milimani tunaisikia, tunamaliza kula, tunalala.

Dagaa mliotutumia wamefika. Hamimu, huyo mpishi wa boti ya mizigo tunayemfanya posta, ameapa hakuonja hata mmoja. Mfuko ulikuwa mwepesi lakini nimenyamaza, maana tukigombana naye barua zetu zitapita wapi.

Sasa jambo lenyewe.

Jumapili klabu iliita mkutano mkuu. Klabu yako ya basketi, kaka, Sangala, uliyoianzisha na mzee Népomuscène wakati mi bado naruka kamba. Unaijua desturi yao. Katiba inasema mkutano haufunguliwi mpaka nusu ya wanachama wawepo, hiyo koramu yao. Wakubwa hawafiki thelathini, watoto wamepita themanini. Kwa hiyo kila mkutano watoto wanaitwa, wanapangwa kwenye mabenchi, katibu anapita anahesabu vichwa. Koramu ikitimia kila mtoto anapewa Fanta moja na kuambiwa, "Haya, mwende mukacheze inje." Wakubwa wanabaki ndani kupiga kura. Hata jina lake wanalo: Fanta ya koramu. Sumaya alikuwa amefunga, yake akampa mtoto wa Daphrose, yule mama wa Musaga mwenye watoto wanne klabuni.

Mi nilikuwa nimemsindikiza Sumaya, maana siku hizi mtoto wa kike simwachi avuke mitaa peke yake. Nikakaa dirishani. Nikasikia kwa masikio yangu haya mawili kwamba kamati inataka kukikodisha kiwanja kwa tajiri mmoja wa makontena, miaka kumi. Ringi zitang'olewa. Tajiri ameahidi viatu vipya kwa timu ya wasichana, na paa la ofisi litatengenezwa. Kura itapigwa Januari. Na watoto watachezea wapi? Mzee Népomuscène akasema watatafutiwa mahali. Mahali gani, hakusema.

Basi nikaingia, nikanyosha mkono. Mzee akanijibu kwa adabu, unamjua alivyo na tai yake: "Mama Sumaya, samahani, we si mwanachama. Hauna neno hapa."

Nikasema, haya, Sumaya ni mwanachama, kadi anayo, ada nalipa mi. Mwiteni aseme yeye.

"Sumaya ni mutoto. Batoto hawana kura."

Sasa neno la Sumaya analisema nani?

"Kamati."

Kamati! Kamati hiyo hiyo inayong'oa ringi! Wallahi nilitaka kucheka na machozi yakanitoka.

Kaka, nimeulizia. Mabadiliko ya katiba yanaletwa mkutanoni na mwanzilishi peke yake. Waanzilishi waliobaki hai ni wawili, yeye na wewe. Yeye hataki. Ninachokuomba ni karatasi moja yenye sahihi yako, iseme kwamba mzazi wa mwanachama mdogo atapiga kura kwa niaba ya mtoto wake. Basi. Kiwanja hicho ndipo mahali pekee ninapopajua ambapo mtoto wa Buyenzi anampa pasi mtoto wa Musaga bila kuulizana we wa nani. Kikienda hakirudi, na wewe unajua.

Tia sahihi umpe Hamimu. Nangoja.

Dada yako,
Mwantum


Kigoma, 14 Desemba 2002

Mdogo wangu Mwantum,

Idi tumeila salama. Khadidja alipika pilau ya watu kumi tukaja ishirini, na Mungu akaitosheleza. Anakusalimu, anasema dagaa wa safari hii amewashonea mfuko kwa sindano, Hamimu akitaka kuonja itabidi awe fundi cherehani. Mi niko na kazi ya injini ya boti ya Wakongo. Nimeifungua nimekuta mchanga mtupu, sijui walikuwa wanaendesha ziwani au barabarani. Mpe Djibril pole ya mgongo. Mwambie alale juu ya mkeka, godoro linamdanganya.

Kuhusu klabu nimekusoma. Jibu ni hapana.

Mzazi anamtazama mtoto wake tu, hataitazama klabu. Leo atapigia kura kiwanja, kesho atapiga kura mwanawe awe kapteni. Tena watoto tuliwaweka nje ya kura kwa makusudi. Mtoto akija klabu amekuja kucheza. Waacheni wacheze.

Mwendee Népomuscène nyumbani kwake Mutanga Sud, umweleze taratibu. Ni mgumu lakini ana moyo. Kuhusu hili la sahihi usiniandikie tena.

Kaka yako,
Huseni


Buyenzi, 27 Januari 2003

Kaka Huseni,

Salamu nyingi, na pole kwa homa, Hamimu ametuambia. Kunywa maji, usijifanye kijana. Huku tuko vizuri. Djibril amelala kwenye mkeka wiki nzima na sasa analalamika mabega pia, anasema wewe ni fundi wa injini, ubaki kwenye injini. Sumaya alikuwa wa tatu darasani. Basketi na shule vyote anaweza, mtoto huyu.

Umesema nisikuandikie tena kuhusu sahihi. Kwa hiyo nakuandikia.

Mutanga Sud nilikwenda kama ulivyoniambia. Mzee alinipa chai na biskuti, akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mi ni mama mzuri. Mama mzuri! Nikatoka na biskuti mkononi na bila kitu kingine.

Nikapanda basi na Daphrose mpaka Musaga, nyumba kwa nyumba, halafu tukarudi Buyenzi, uchochoro kwa uchochoro. Tulisema neno moja tu kwa kila mzazi. Jumapili ya mkutano mtoto abaki nyumbani. Wanahitaji vichwa vya watoto wetu ili mkutano ufunguliwe, halafu midomo yao hawaihitaji. Basi na vichwa wasivipate. Baba mmoja akaniuliza, "Na Fanta yake?" Nikamwambia nitamnunulia mi dukani, aniamini.

Jana ndiyo ilikuwa siku. Walikuja mapacha wawili tu ambao baba yao alisahau kuwaambia, wakanywa Fanta mpaka wakashindwa kutembea. Mabenchi matupu. Mzee Népomuscène amesimama na tai yake, katibu anahesabu, anarudia kuhesabu, kana kwamba viti vitazaa. Saa ikapita, mkutano ukaahirishwa. Kaka, nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu, halafu nikakumbuka biskuti.

Sasa nije kwako. "Waacheni wacheze." Wapi? Juu ya makontena? Na hizo sababu ulizoniandikia si zako, mi nakujua, nimekulia mgongoni kwako. Sababu yako ukiwa nayo huwa unaisema kwa neno moja na unaondoka. Hizi umezipanga vizuri kupita kiasi. Kuna mtu ambaye tangu uvuke ziwa hujamtaja kwenye barua hata moja, hata siku za Idi. Mi nami simtaji, kwa sababu ni wako kwanza. Ila usinifanye mjinga nisijue unamfikiria nani ukikataa.

Mkutano umesogezwa mpaka Machi. Watoto watabaki nyumbani hata Machi. Andika.

Mwantum


Buyenzi, 30 Machi 2003

Kaka Huseni,

Mnaendeleaje? Hujajibu. Hamimu anasema barua ya Januari alikupa mkononi, ukaisoma umesimama, ukaitia mfukoni na kurudi kwenye injini. Kwa hiyo imefika. Haya.

Mkutano wa Machi nao umeanguka, hata mapacha hawakwenda. Sasa kamati imefunga geti la kiwanja kwa kufuli. Wanasema hakuna mazoezi mpaka watoto waje kuhesabiwa. Sumaya na wenzake wanadundisha mpira kwenye ukuta wa msikiti, na imamu ametoka mara mbili kuniuliza kama mi ndiye mama wa huo mtetemeko. Wazazi wengine wameanza kuchoka. Mmoja ameniambia jana, "Mama Sumaya, tuache, watoto wanataabika." Nikamjibu hapana. Sina jibu lingine, lakini hilo moja ninalo na sitaliachia.

Nina hasira na wewe. Nimeona nikuambie kuliko kukaa nayo.

Wifi Khadidja msalimu. Yeye sina hasira naye.

Mwantum


Kigoma, 11 Mei 2003

Mwantum mdogo wangu,

Salamu kutoka kwetu. Homa imekwisha. Khadidja amefungua kigenge cha sambusa pale karibu na stesheni ya treni na anapata wateja. Msalimu Djibril. Imamu naye niombee radhi kwake, mi nilidundisha kwenye ukuta huo huo.

Umekasirika, una haki. Nitakujibu mara moja, halafu tutaendelea na mengine.

Moubarak alikuwa na miaka kumi na tano. Unajua yote lakini nataka kuyaandika, maana sijawahi. Asubuhi ile vijana walikuwa wamefunga mji, matairi yanawaka njiani. Mwanangu alitoka kununua mkate. Alidhani mkate unauzwa siku zote. Basi, kwenye kona, guruneti. Aliyeitupa hajulikani mpaka leo.

Hilo ni la Mungu na nimelipokea. Ninaloshindwa kulipokea ni la baada yake. Hatujamzika, wamekuja vijana wa upande mmoja kuniambia Moubarak alikuwa mwenzao, alikufa akilinda mtaa. Wa upande wa pili wakasema alikuwa amebeba mawe. Makaburini mheshimiwa mmoja ambaye sikumwalika akasema, "Moubarak anatuomba tusirudi nyuma." Anatuomba! Wiki ya pili kijana akanijia kwenye gereji, ananiambia Moubarak angetaka tulipe kisasi. Moubarak wangu, aliyekuwa anaogopa kuku. Ulikuwa unamcheka wewe mwenyewe, unamfukuzia jogoo uani.

Wote walikuwa watu wazima, Mwantum. Wengine walilia kweli. Na kila mmoja alijua mwanangu anataka nini, na kila mmoja alikuwa anasema kwa niaba yake. Ndiyo maana niliondoka. Watu wanadhani nilikimbia risasi.

Sasa unaniomba karatasi iliyoandikwa "mzazi atapiga kura kwa niaba ya mtoto wake". Nimeshika kalamu mara nyingi. Mkono hauandiki. Usiniulize kama nakuamini, nakuamini kuliko mtu yeyote niliyembakiza huko. Hata hivyo hauandiki.

Huseni


Buyenzi, 8 Juni 2003

Kaka yangu,

Barua yako nimeisoma dukani. Nikafunga mlango mchana kweupe, wateja wakagonga wakachoka. Nimemlilia Moubarak kama siku ile. Nimelikumbuka na lile jogoo, na nimecheka humo humo katikati ya machozi. Asante kwa kumwandika jina. Mungu amweke pema, na akupe wewe na wifi subira ambayo mi sijui mnaitoa wapi.

Nilitaka nikuache. Kweli. Nilimwambia Djibril yamekwisha, mwache kaka yangu na donda lake. Sumaya alikuwa anafua uani, akasikia. Nikamwambia mjomba wake hawezi kutia sahihi ili mi nimsemee. Unajua alinijibu nini? Alikausha mikono, akaniambia hivi:

"Mama, kwani nani alikuambia unisemee? Mi nilikuambia unisindikize."

Kaka, nilitaka kumpiga kandambili! Nimezunguka mitaa miwili, nimegombana na imamu, na wazazi, na mzee wa Mutanga Sud, kisha huyu ananiambia hakuna aliyenituma! Nikaenda kukaa jikoni. Nilipoa polepole, nikaona mtoto anasema kweli. Mi nimekasirika kwamba kamati inasema neno lake, na dawa niliyoleta ni kwamba nilichukue mi.

Sasa nisikilize, na safari hii usinijibu upesi. Umeogopa watu wanaosema kwa niaba ya mtoto. Lakini ukikataa kutia sahihi hawanyamazi hao. Leo hii neno la Sumaya analo Népomuscène mfukoni, na tajiri wa makontena analo nusu. Kiti cha mtoto hakikai kitupu, kaka. Kila mara kuna mtu mzima amekikalia. Wanaomtetea mtoto na wanaomwuza wote wanakaa hapo hapo.

Basi tumkalishe mwenyewe. Wale watoto wakubwa wakubwa wapige kura kwa mkono wao, hakuna mama, hakuna kamati. Wadogo kabisa, wa miaka saba, minane, hao watahitaji mzazi, hatuna njia. Umri wa kukata katikati uuseme wewe. Mi sitausema.

Wazazi wengine wamewarudishia watoto ruhusa ya kwenda. Mkutano wa Julai koramu huenda ikatimia bila sisi, na kiwanja kitakwenda. Kwa hiyo sina muda wa kukubembeleza. Nakupenda, na nataka sahihi yako.

Mwantum


Kigoma, 25 Juni 2003

Mwantum,

Tuko salama, nanyi iwe hivyo hivyo. Hamimu anaondoka leo jioni, naandika kwa haraka.

Karatasi iko ndani, nimetia sahihi. Mwanachama aliyetimiza miaka kumi na tano anapiga kura yake mwenyewe. Aliye chini ya hapo, mzazi mmoja anamwandikia, lakini mtoto awe amekaa karibu yake, na aulizwe kwanza mbele ya watu anataka nini. Kura ni ya mtoto: mwenye watoto wawili klabuni anaandika mbili, asiye na mtoto klabuni hana. Na kura iwe ya karatasi, ikunjwe, asiione mtu. Mtu maana yake ni mtu yeyote.

Népomuscène nimemwandikia barua yake peke yake. Tulikuwa marafiki.

Khadidja ameisoma karatasi kabla sijaifunga. Aliishika muda mrefu.

Huseni


Buyenzi, 19 Agosti 2003

Kaka Huseni,

Tuko hai, sote, alhamdulillahi. Najua redio imewatisha. Julai makombora yalianguka kusini mwa mji siku baada ya siku, na Musaga watu walihama na magodoro vichwani. Daphrose alifika kwangu kwa miguu na watoto wake wanne na sufuria moja, sufuria ina wali ndani, hakutaka kuuacha. Wamekaa nasi mwezi mzima. Yeye anasali rozari yake chumbani, sisi tunaswali sebuleni, na wote tunamwomba Mungu yule yule awape watoto usingizi. Djibril amewafundisha kucheza karata, na mama yao amekasirika. Wiki iliyopita wamerudi kwao, paa moja limetoboka.

Mkutano kwa hiyo ulisogezwa, ukawa juzi Jumapili. Nakuandikia nikiwa bado nimechemka.

Tuliwaleta watoto wote, kwa sababu karatasi yako ilikuwa kwenye ajenda. Mzee Népomuscène aliisoma kwa sauti, amesimama. Alipofika kwenye "miaka kumi na tano" akasita. Nilidhani haoni maandishi. Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaisoma ile sentensi tena kuanzia mwanzo. Unakumbuka yeye ndiye aliyemfundisha Moubarak kutupa kwa mkono wa kushoto. Alipomaliza akasema, "Mi nitaipigia hii kura ya ndiyo. Ya kiwanja ni ingine." Akakaa. Baada yake wakubwa wakainua mikono mmoja mmoja, na ikapita. Wachache walikataa. Wengine nadhani walikuwa wamechoka tu kukaa miezi tisa bila mkutano, lakini mkono ni mkono.

Ndipo ikaja kura ya makontena, na vurugu ikaanza. Kijana mmoja wa timu ya wakubwa akaruka: "Daphrose peke yake kura ine? Mama moja, kura ine!"

Daphrose akasimama polepole. Akasema, "Sikuzaa kura, nilizaa batoto. Na nimewauliza mbele yenu, si mumesikia? Batatu wanasema apana. Huyu mudogo anasema ndiyo, anataka kupanda juu ya makontena. Basi nitaandika apana tatu na ndiyo moja." Na aliandika, kaka! Nilikuwa karibu naye, uso wake ulikuwa wa mtu anayemeza klorokwini, lakini aliandika. Ukumbi mzima ulicheka, na yule kijana akakaa chini.

Sasa umegundua ulichonifanyia? Sumaya alitimiza kumi na tano mwezi wa tano. Mtoto mwingine klabuni sina. Kwa hiyo mi, niliyeanzisha yote haya, niliyetembea mpaka kandambili zikakatika, sikuwa na kura! Nilisimama ukutani na akina baba waliokuja kutazama. Wakati Sumaya anaandika, niliinua shingo kidogo tu, na akafunika karatasi kwa mkono. Mi mama yake!

Kiwanja kimebaki. Makontena yamekataliwa. Nilidhani tutawafagia, lakini tumeshinda kwa kura chache, maana si wazazi wote na si watoto wote walitaka sawa. Wapo waliotaka viatu vya tajiri. Mzee alitangaza matokeo, akapeana mkono na watoto waliopiga kura, kila mmoja, na geti likafunguliwa papo hapo. Walicheza mpaka jua likatua. Nimekaa kwenye benchi nawatazama, na moyo wangu ulikuwa mkubwa, kaka, sikufichi.

Halafu tukarudi nyumbani. Njiani nikamwuliza, kwa upole kabisa, "Sumaya, ulipiga vipi?"

"Mama, hiyo ni yangu."

Nikacheka. Nikamwambia najua ni yako, nauliza tu. Akaongeza mwendo. Nikamwambia mi nimezunguka Buyenzi nzima na Musaga kwa ajili yako. Akanishika mkono, akasema, "Asante mama. Kweli, asante sana. Lakini ni yangu."

Viatu vyake vimeshonwa mara mbili. Sasa silali, nafikiria viatu. Je, kama alipiga ndiyo? Kama mtoto niliyempigania alikwenda kupiga kura tofauti na mi? Djibril ananicheka tu. Jana sikusema naye mpaka magharibi, huyo binti, na yeye anaimba imba uani kama hakuna kilichotokea.

Anakuheshimu wewe kuliko mtu yeyote. Mwandikie, mjomba wake, umwulize. Kwako atasema. Kisha uniambie mi tu.

Mwantum


Kigoma, 5 Septemba 2003

Mdogo wangu Mwantum,

Barua yako Khadidja alitusomea kwa sauti baada ya chakula. Alipofika kwenye mkono uliofunika karatasi nilicheka mpaka nikakohoa, na yeye akalazimika kuweka barua chini. Tulikuwa hatujacheka namna hiyo ndani ya nyumba hii. Mpe Daphrose heshima zangu, na pole ya paa. Nitamtumia bati mbili, Hamimu hawezi kuzila. Népomuscène ameniandikia, nitamjibu.

Sitamwuliza Sumaya.

Moubarak angekuwa na miaka ishirini na mitatu sasa. Tangu juzi nakaa na injini mbele yangu, najiuliza yeye angepiga vipi. Labda kiwanja, maana pale ndipo alipokuwa anashinda. Labda viatu. Alipenda viatu sana, unakumbuka, alikuwa analala navyo. Kwa miaka minane watu wamenijia kuniambia mwanangu alitaka hili, angetaka lile, wana uhakika kabisa. Mi ni baba yake, Mwantum, na sijui. Sikuwahi kumwuliza jambo kubwa, na yeye hakufikia siku ya kufunika karatasi kwa mkono na kuniambia, baba, hiyo ni yangu.

Wako amefikia. Mnunulie viatu, na usimwulize tena.

Kaka yako,
Huseni